Gugu karoti: maua yapo, viwavi watakula nini?

Gugu karoti likitajwa, mazungumzo huishia kwenye maziwa machungu ya mifugo iliyolila na ngozi zinazowasha. Wadudu je? Mimi nafuga pembezoni mwa Arusha, ambako gugu karoti liligunduliwa mwaka 2010. Kwa mbali utadhani nyuki na vipepeo wamepata neema: vijiua vyeupe kila upande. Inama sasa utazame chini yake. Udongo mtupu, nyasi hakuna.

Hapo ndipo penye shida. Kipepeo hunywa nekta ya maua mengi, lakini kiwavi wake huwa mchaguzi. Wapo vipepeo wa kahawia ambao viwavi wao hula nyasi tu. Panzi wengi nao ni hivyo hivyo. Gugu hili lina sumu iitwayo pathenini, inayodumaza mimea jirani, na mmea mmoja uliokomaa hutoa maelfu ya mbegu. Nyasi zikiondoka, panzi anaondoka, na ndege aliyemtegemea analala njaa.

Anayenufaika ni nani? Mbu! Utafiti uliofanywa Kenya umeonyesha kuwa mbu jike wa malaria akifyonza sukari ya gugu hili anaweza kuendelea kuishi hata kabla hajapata damu.

Kwa hiyo wafugaji wenzangu, vaeni glavu, ling'oeni na mizizi yake udongo ukiwa na unyevu, kabla halijachanua, kisha pandeni nyasi palepale. Ukiacha pengo, litarudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.