Faili iliyofichwa haijapotea, acheni kufomati flashi za watu!

Jamani wenye saiba hapa Waberi na Garissa yote, leo nina neno nanyi. Mteja analeta flashi, mnaichomeka, mnakuta njia za mkato tupu. Mnamwambia "kirusi kimekula kila kitu", mnaifomati, kisha mnamdai pesa.

Hakijala kitu! Folda zake zimo mle mle. Kirusi kimezipa alama mbili tu, ya kufichwa na ya mfumo, kikaacha njia za mkato zenye majina yaleyale ili mtu akibofya kijiendeshe. Hebu tazama sifa za flashi: GB 4 zimejaa, na dirisha linaonyesha vitu vya KB chache. Kama vimeliwa, nafasi imejazwa na nini?

Safisheni kwanza kompyuta yenu kwa antivairasi (mara nyingi kirusi kinakaa humo humo). Kisha fungueni dirisha la amri. Ikiwa flashi ni E, andikeni:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zikirudi, futeni njia za mkato bila kuzibofya. Kuweka tiki ya kuonyesha vilivyofichwa pekee hakutoshi, kwa sababu ya ile alama ya mfumo.

Huku kwetu hili si jambo dogo. Kwa miaka mingi kijana wa Kaskazini Mashariki alipitishwa kwenye msasa wa ziada kupata kitambulisho, hadi rais alipotangaza kuuondoa Februari 2025. Mtu aliyezoea kudaiwa karatasi kila dirisha huziskani zote, huziweka kwenye flashi. Ndizo mnazofuta.

Na wewe unayeficha picha kwa alama hiyohiyo ukidhani umetia kufuli, amri hii hii inazitoa zote.

Microsoft nao wana lawama yao. Mwaka 2000 ILOVEYOU ilienea ikiwa na jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ikaficha ile .vbs ya mwisho, watu wakaona .TXT, wakafungua barua kumbe ni programu. Leo tuna Windows 11 na bado inaficha herufi hizo usipoibadilisha mwenyewe! Eti kurahisisha. Kila kompyuta ninayomwekea mtu Windows, huo ndio mpangilio wa kwanza kuubadilisha, hata kabla sijaiunganisha na intaneti.