Maji ya Mara ya Pili, Nayo ni ya Nani?

Kiangazi kikizidi, husikika tena shauri lile lile: watu wa mji wajifunze kutumia maji mara mbili. Ndugu wasomaji, afundishwe nani? Mama wa Kolwezi aliyebeba bidoni kichwani hahitaji mwalimu. Maji aliyofulia nguo huosha sakafu, na yanayobaki humwagilia lengalenga.

Shauri lenyewe hatulipingi. Tunapinga kuhubiriwa upande mmoja tu. Chini ya miguu yetu maji yapo: mashimo ya shaba na kobalti hayachimbiki pasipo pampu za kuyavuta. Viwanda navyo huyarudisha maji kutoka mabwawa ya takataka na kuyatumia tena. Vema, maana hivyo huchota machache mtoni. Lakini maji yanayozunguka ndani ya ua hayajazi hata bidoni moja nje ya ua. Madhara ndiyo hayajui ua. Februari 2025, huko Chambishi nchini Zambia, bwawa la takataka zenye asidi lilibomoka, sumu ikafika mto Kafue, na watu wa Kitwe wakakatiwa maji ya bomba.

Tena ukame hutugawa. Mwenye fedha huchimbisha kisima uani mwake, na tangu siku hiyo hunyamaza. Wanaobaki kudai bomba ni wale ambao wakubwa hawana desturi ya kuwasikiliza.

Tuitazame Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi kavu kuliko yetu. Tangu 1968 mji ule husafisha maji machafu ya nyumba hata yakanyweka, ukayachanganya na mengine katika mabomba ya mji. Waziri hunywa, kibarua hunywa. Na jambo kubwa ni hili: maji machafu ya viwanda hutengwa, yasichanganyike na ya nyumba. Kwetu, penye madini mengi hivi, atakayesema habari ya kusafisha maji ya mji bila kuanza hapo anatudanganya.

Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazidai kampuni asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Twataka fedha hizo zianzie kwenye maji. Yale yavutwayo mashimoni yapimwe na watu wasiokula mshahara wa kampuni, yasafishwe, yaletwe mitaani. Na vipimo vibandikwe kwa Kiswahili penye kila bomba. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya 2015, aliyahesabu maji salama kuwa haki ya kila mtu. Basi tusiombe kama waombao sadaka.