Mmemsusia nani?

BARAZANI PALMA
Na Mwana wa Ruvuma

Jumanne alasiri nilikwenda sokoni kutafuta mhogo wa futari, nikaikuta meza ya mama yetu juani. Wasomaji wa siku nyingi mnamjua. Ni yule asiyepunguza bei hata umlilie. Mwaka juzi nilipomwandika hapa aliniletea salamu kwamba nimemfukuzia wateja wa mkopo na ananishukuru. Tangu Ramadhani iandame, juu ya meza yake palikuwa na turubai jipya la plastiki, rangi ya chungwa. Siku ile nililikuta chini, limechanwa katikati. Mama amekaa juu ya ndoo, kitambaa cha kapulana kichwani, mhogo wake unasinyaa kwa jua, na hakuna mtu anayemsogelea.

Nikauliza kuna nini. Vijana wanne walikuwa wamesimama kando, wote wana wa mtaa, wawili kati yao niliwafundisha kusoma. Mmoja, mwenye fulana ya kijani, akanijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Tumelishusha tangazo linalokashifu dini. Na tumeshatangaza: hapa hanunui Muislamu mpaka Idi ipite."

Nikaliinua lile turubai, nikaviunganisha vipande viwili nikalitazama. Ni tangazo la juisi ya unga, ile ya pakiti za kukoroga. Limechorwa msikiti wenye mnara mweupe, na nyuma ya ukuta wake amechutama mzee wa kofia na kanzu, glasi ya juisi mdomoni, jicho limegeuka nyuma kama la mtu anayeogopa kuonwa. Chini yake yapo maneno manne ya Kireno: A sede não espera. Kiu haisubiri. Halafu kwa herufi ndogo, ofa ya Idi.

Nasema mapema ninaposimama, asije mtu akanisoma vibaya. Tangazo lile ni tusi. Vijana waliolichana wamekosa. Yote mawili nayasema kwa moyo mmoja, na kama kuna anayeona siwezi kuyasema pamoja, aendelee kusoma.

Nilimuuliza mama: hukuliona hili tangu mwanzo? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Mimi nilitaka kivuli, baba. Walikuja na gari, wakaniambia nikichukua maboksi mawili nitapewa turubai. Nikachukua." Na picha je? "Picha niliiona. Mzee anafuturu. Anageuka kusikiliza kama muadhini kashaadhini."

Nililitazama tena lile turubai, na wallahi mama alikuwa na haki. Jua lililochorwa ni jekundu na limeinama. Ukiyaziba maneno kwa kiganja, unamwona mzee wa Kiislamu pembeni ya msikiti, glasi mkononi, saa ya magharibi. Wangeweza kuandika chini yake neno lolote la kheri. Tangu mwezi uandame mama huyu amekaa chini ya picha ile akiiona ni ya mcha Mungu, kwa sababu hasomi Kireno na hakuna aliyemsomea. Aliyemwekea tusi juu ya kichwa alijua kilichoandikwa. Yeye hakujua. Hilo ndilo lililonipandisha hasira kuliko mchoro wenyewe.

Maana hebu fikirini. Watu wamekaa ofisini mahali, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa, wakasema: Waislamu wa kaskazini wana sikukuu, watanunua vinywaji, tuwachekeshe. Wakacheka wao kwanza. Hawakutafuta hata mtu mmoja wa pwani hii wamuulize saumu ni nini kwa mwenye kufunga. Saumu ni siri ya mtu na Mola wake, hakuna anayekusimamia, na ndiyo maana kumchora mzee mwenye mvi akiivunja kwa kujificha ni kumwambia kwamba miaka yake yote ilikuwa maonyesho. Mimi nina baba aliyefunga akiwa kwenye mtumbwi, jua la mchana juu na maji ya chumvi chini. Sioni mahali pa kucheka.

Na kuna uchungu mwingine wa zamani ambao watu hawa hawaujui. Mwaka 1996 Bunge letu la Msumbiji lilipitisha sheria ya kuzifanya Idi zote mbili sikukuu za taifa. Nchi ikagawanyika, maneno yakawa mengi, na mwisho Mahakama ya Juu ikaitangua sheria ile kwa hoja kwamba dola haina dini. Sawa. Lakini tarehe 25 Desemba ni sikukuu ya taifa, kwa jina la Siku ya Familia, nasi tunaipokea bila kinyongo, tunapika, tunatembeleana na jirani zetu Wamakonde waliobatizwa. Idi yetu kila mwaka tunangoja tusikie kama serikali imewapa Waislamu ruhusa ya kutokwenda kazini. Kwa hiyo aliyekuwa wa kwanza kuikubali Idi yetu rasmi, kwa rangi na kwa maandishi, ni muuza juisi. Na alipoikubali, akaja na dhihaka.

Sasa nirudi kwa wale wanne.

Nilimwambia yule wa fulana ya kijani: mwanangu, umemsusia nani? Akasema kampuni. Nikamuuliza kampuni iko wapi hapa. Akanyoosha kidole kwenye meza ya mhogo. Nikamwomba mama anieleze anavyoichukua ile juisi, akaeleza: boksi analipia kwanza, taslimu, ndipo anapewa. Yale maboksi mawili kayalipia kabla ya Ramadhani. Fedha ilishapanda gari siku ile ile, ikaenda kwa muuzaji wa jumla, na sehemu yake kubwa ikaenda kwa wenye kampuni. Msiponunua pakiti mezani kwake, kampuni haipungukiwi hata metikali moja, maana yao wameshapokea. Anayepungukiwa ni yeye, na mhogo wake juu, ambao haukuchorwa na mtu wala hauna neno la Kireno.

"Mzee, tungeanzia wapi basi? Maputo?" Swali zuri, na alikuwa anauliza kwa dhati. Nikamwonyesha barabara. Ghala la muuzaji wa jumla liko pale pale, hatua mia nne kutoka sokoni, mlango wa chuma. Kwa nini hamkwenda pale? Wakatazamana. Sote tunajua kwa nini. Pale pana mlinzi, na mwenye ghala anakopesha unga nusu ya mji. Mezani pana mwanamke peke yake.

Mimi sipingi kususa. Kususa ni silaha ya mtu mpole, na Kitabu chetu kinatufundisha kuinuka na kuondoka panapofanyiwa Aya za Mungu mzaha, mpaka wenye kikao wageukie mazungumzo mengine. Tumeamrishwa kuondoka. Hatukuamrishwa kuwavunjia wengine viti. Mtu akiacha kununua, kaondoka kwenye kikao, na hiyo ni haki yake kamili mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Lakini atazame anaondoka kwenye kikao cha nani.

Vijana hawa wote wamekulia kwenye maulidi. Wanaijua sira. Nikawakumbusha ni nani aliyesusiwa kwanza katika historia yetu. Makureshi waliandika mkataba wakautundika ndani ya Alkaaba: asiwauzie mtu Bani Hashim wala asinunue kwao, asiwaoze wala asioe kwao. Wakawabana kwenye bonde la Abu Talib, muda unaotajwa kuwa kama miaka mitatu. Wapokezi wanasimulia watoto waliolia kwa njaa mpaka wakasikika nje ya bonde, na watu waliokula majani ya miti. Hakim bin Hizam alikamatwa na Abu Jahal njiani akimpelekea ngano shangazi yake, Bi Khadija. Ngano tu, ya shangazi. Mkataba ule ukaja kuliwa na mchwa. Mtume wetu alikuwa ndani ya bonde, upande wa wenye njaa. Nikawaambia vijana: Jumanne hii, hapa sokoni, bondeni yuko nani, na nyinyi mmesimama wapi? Yule mdogo wao alianza kukunja kile kipande cha turubai bila kuambiwa.

Si sisi peke yetu tunaomkosea shabaha mwenye hatia. Gazeti la Denmark, Jyllands-Posten, lilipochapa katuni za kumdhihaki Mtume mnamo Septemba 2005, hasira ilipofika kwenye maduka ya Saudi Arabia Januari iliyofuata ilimwangukia Arla, ambao ni ushirika wa wafugaji wa ng'ombe. Siagi na jibini zikaondolewa kwenye rafu, mauzo yao kule yakasimama karibu yote. Mfugaji wa Denmark hakuchora kitu. Hapa kwetu Msumbiji, gazeti la Savana lilipozichapa upya baadhi ya katuni zile Februari 2006, Waislamu wa Maputo walikwenda mlangoni pa Savana, wakasimama, wakasema neno lao kwa waliochapa. Hawakumpiga mtoto anayeliuza gazeti kwenye taa za barabarani. Na Waingereza nao, Novemba 2017, kampuni ya mikate ya Greggs iliweka mkate wa soseji kwenye hori la kuzaliwa Nabii Isa ili kuuza kalenda ya Krismasi. Wakristo wakaudhika, wapo waliotaka maduka yasusiwe, kampuni ikaomba radhi. Dhihaka ya sikukuu ni biashara ya dunia nzima, na penye wenyewe wanaojua mlango wa kubisha, radhi huwa inatoka.

Lakini Greggs iko Uingereza, na mimi naandika nikiwa Palma. Hapa neno "anakashifu dini" halina uzito ule ule.

Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, mashababu, wale wapiganaji wenye silaha, walipoingia Mocímboa da Praia, pwani hii imejifunza kidole kinaweza kufanya nini. Kwanza kinanyooshwa kwa mtu: huyu anauza pombe, huyu anafanya kazi na serikali, huyu dini yake haijakamilika. Usiku wanakuja. Tarehe 24 Machi 2021 walipoingia hapa Palma, mimi nilikuwa mmoja wa waliokimbilia ufukweni. Mama huyu alikimbia pia, kwa jahazi mpaka Pemba, akakaa kwenye uwanja wa watu, akarudi na ndoo ile ile anayoikalia sasa. Kila alichonacho mezani amekianza upya kwa mkono wake. Halafu anakuja kijana niliyemfundisha alifu na be, mbele ya soko zima, katikati ya Ramadhani, anatangaza kwa sauti kwamba meza ile ni ya wenye kukashifu dini. Je, alijua nani mwingine alikuwa akisikia? Mimi sikujua. Nilitetemeka, na nilipolala usiku nilikuwa bado natetemeka.

Nilimwambia hivyo yule wa fulana ya kijani, kando, si mbele za watu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hatukukusudia hivyo, mzee." Najua hawakukusudia. Wale wa tangazo nao watasema hawakukusudia. Mama yule amekaa juani siku nne kwa ajili ya watu wasiokusudia.

Jumatano nilimwandikia barua mwenye ghala, kwa Kireno, nikaambatisha kipande cha turubai chenye yale maneno manne. Nimemtaka mambo matatu: aondoe matangazo kama lile yaliyobaki mjini, nimeyahesabu saba, amrudishie mama fedha ya maboksi mawili, na awaandikie wenye kampuni kwamba hakuna boksi litakaloagizwa Palma kwa ajili ya Idi mpaka radhi itoke, kwa Kiswahili na Kimwani, isomwe redioni asikie kila asiyesoma. Wenye maduka kumi na wawili wametia sahihi au dole gumba. Boksi likibaki ghalani wiki moja kabla ya Idi, hapo kampuni itasikia. Shehe wa msikiti wa Ijumaa ameisoma barua akaongeza mstari mmoja wa mkono wake.

Na kwa wale wanne: sitawataja, kwa sababu nina imani na wazazi wenu na sitaki kidole kingine kinyooshwe mji huu. Makuti mia mbili nimeyanunua, yapo barazani kwangu. Boriti nne amezitoa jirani. Kamba tunayo. Nawangoja Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijafika kwenye ile meza.