Tunataka Nabii wa Miaka Miwili

Hakuna mstari wa Biblia unaopendwa na sisi wanafunzi Wakristo kama Yeremia 29:11, ule wa ahadi ya tumaini. Tunaubandika ukutani, tunaukariri kabla ya mtihani na kabla ya usaili wa kazi. Mimi napinga namna tunavyoutumia.

Maneno hayo yamo katika barua ambayo Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli. Mstari wa 10, ambao hatuubandiki, unataja miaka 70 kwanza. Watu wazima waliosomewa barua ile walijua kwamba wengi wao watafia ugenini. Hata hivyo waliagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, na kuuombea amani mji uleule uliowateka. Sura iliyotangulia inamtaja nabii Hanania, aliyeahidi kwamba mateso yangekwisha katika miaka 2. Ahadi yake ilikuwa tamu, na ilikuwa ya uongo.

Akina Hanania bado tunao. Wanatuahidi kazi kabla mwaka haujaisha. Watetezi wao husema kwamba tumaini lisilo na tarehe ni maneno matupu. Najibu: tarehe ndiyo inayoua imani. Ikipita, Mungu huonekana mwongo, ilhali aliyedanganya ni mhubiri.

Anayeiamini hekima ya Mungu hufanya kazi ya leo bila kuonyeshwa mwisho wake. Mwanafunzi asiyejua karo ya muhula ujao itatoka wapi ana bustani yake: somo la leo. Na alipalilie.