Usiandike chochote juu ya faili tupu
Na Rehema Mwakalinga

Mwenye duka la dawa anawasha kompyuta asubuhi, programu inafunguka kama kawaida, lakini orodha ya bidhaa haina kitu. Mauzo hakuna, wadaiwa hakuna. Wengi wakifika hapo huanza kuingiza bidhaa upya, na hilo ndilo linaloniumiza. Tafadhali, usiandike chochote.

Programu nyingi ndogo za biashara hutunza kumbukumbu kwa SQLite, mfumo wa hifadhidata alioubuni Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000, uliomo pia ndani ya simu za Android na iPhone. Mfumo huu ukielekezwa kwenye faili lisilokuwepo, kwa kawaida haulalamiki. Huunda faili jipya, na programu ikatengeneza humo majedwali matupu. Inatosha folda kubadilishwa jina, au mtu kuingia kwa akaunti nyingine ya Windows. Faili lako la kweli huenda bado liko palepale lilipokuwa. Litafute, ulinganishe ukubwa na tarehe: lenye kilobaiti chache lililoundwa leo asubuhi silo.

Chanzo cha pili huwakuta hata waangalifu. Tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010, SQLite inaweza kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, ambalo jina lake huishia na -wal, kisha ikayahamishia kwenye faili kuu. Bila mtu kubadili mipangilio, uhamisho husubiri kurasa zifike 1,000, yaani kama megabaiti 4, au programu ifungwe vizuri. Kwa duka dogo hayo ni mauzo mengi. Fundi akinakili faili kuu peke yake kwenye flashi ili kulipeleka kwenye kompyuta mpya huku programu ikiwa wazi, mauzo hayo yanabaki kwenye kompyuta ya zamani. Kwa hiyo funga programu kwanza. Kama umeme ulikatika ghafla, nakili mafaili yote mawili pamoja, wala usilifute la -wal kwa kudhani ni takataka.

Hata rekodi zilizofutwa kweli mara nyingi hubaki ndani ya faili mpaka maandishi mapya yazifunike. Ndiyo maana kila bidhaa unayoingiza kwa haraka inaweza kuziba kile ambacho fundi angeweza kukiokoa. Fanya nakala kwanza, uchunguzi ufanyike kwenye nakala.

Lakini mzigo huu si wa mwenye duka peke yake. SQLite inamruhusu mtengenezaji wa programu kufungua faili kwa sharti kwamba lisipokuwepo, lisiundwe, bali kosa litolewe. Anayeuza programu ya kutunza madeni ya watu bila kuweka sharti hilo amefanya uzembe, nami sioni neno la upole zaidi. Mnunuzi, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji alihamishe faili la data mbele yako, kisha aifungue programu. Ikifunguka tupu bila onyo lolote, usitoe pesa.