Kisumu si mbali, ila patana nauli kwanza

Mpenzi msomaji, tuseme maembe yameuzika vizuri kule Mbumbuni, shule zimefungwa, na baba watoto amekubali kwamba mwaka huu watoto walione Ziwa Victoria kwa macho yao badala ya kulikariri tu katika somo la jiografia. Tiketi za ndege zimeshakatwa. Je, njia mnaijua?

Kwanza soma tiketi yenyewe. Ndege za Kisumu nyingine huondokea Jomo Kenyatta, kule Embakasi, na nyingine Wilson, kwenye barabara ya Lang'ata. Anayetoka Mbumbuni kupitia Machakos huingia barabara kuu ya Mombasa, na Jomo Kenyatta ataufikia kabla ya kuingia jijini. Ya nini basi kwenda hadi katikati ya Nairobi kisha kurudi nyuma, na ule msongamano wa magari mnaujua? Mwombeni utingo awateremshe kwenye njia panda ya uwanja. Wa Wilson waondoke nyumbani mapema zaidi.

Angani ni chini ya saa moja tu. Mkitua, mko kama kilomita 4 kutoka katikati ya jiji, na hapo ndipo mifuko hutoboka. Mgeni ni kuku mweupe. Dereva wa teksi atakutambua kabla hujaliinua sanduku lako. Patana naye kabla ya kupakia mizigo, na umuulize kama nauli ni ya gari zima au ya kila kichwa. Wasio na mizigo mizito wanaweza kutoka hadi barabara kuu ya Busia, wakasimamisha matatu inayoingia mjini.

Pesa mtakazookoa zipelekeni Dunga, ufuoni mwa ziwa, mle ngege na kupanda mashua. Hapo sasa msibane matumizi! Mashua isiyo na jaketi la kujiokoa kwa kila mtoto msiipande, hata ikiwa nauli yake ni rahisi namna gani. Nendeni asubuhi, kwani alasiri upepo huweza kulichafua ziwa, na viboko watazameni kwa mbali. Ziwa si silanga, ndugu yangu. Waliozoea maji ya kufika magotini hudanganyika upesi.

Safari njema, na tukutane Jumapili ijayo.