Kiti cha Nyeri: Tutazame Upepo

Ilimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Hata hivyo, kura za Nyeri zina nyayo. Kiti cha Seneti alikitwaa Mutahi Kagwe mwaka 2013 kwa TNA, Ephraim Maina 2017 kwa Jubilee, na Wahome Wamatinga 2022 kwa UDA. Kila mara kilishinda chama kilichovuma Mlimani. Sisi Mombasa twamchagua Mohamed Faki, 2017 na 2022, kwa ODM ile ile.

Basi anayebashiri Agosti 2027 pale Ruring'u asipime sifa za wagombea. Oktoba 2024 Seneti ilimng'oa Rigathi Gachagua, mwana wa Mathira, kwenye unaibu wa rais. Naye 2025 akaunda DCP. Naona upepo umemfuata. Mashindano yenyewe, kwa hivyo, yatakuwa kwenye mchujo wa chama, kabla ya siku ya kura.